Kadi ya Mwenye Chumba

Siku Rahimu alipokataa ziwa kwa mara ya kwanza, mama yake alidhani ni joto. Ilikuwa Septemba, saa saba na dakika arobaini mchana, jua limesimama utosini na mtaa mzima wa Usagara umenyamaza. Hafsa alikuwa amechelewa. Kadi yake ilimgomea kwenye geti la ofisi, ikabidi mlinzi amwandikie kwenye daftari na meneja atie saini ndipo atoke, na kwa muda wote huo maziwa yalikuwa yakimlowesha blauzi. Alifika kwa mama mkwe wake akihema, akamnyanyua mtoto kutoka mkekani, akampa ziwa. Mtoto akageuza uso. Akampa la pili. Rahimu akacheua maziwa mabichi, akafumba macho.

"Ameshiba huyo," alisema Mama Uweso, ambaye alikuwa akichambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, maana macho yake yalishaanza ukungu. "Umemnyonyesha sasa hivi, wataka apasuke?"

"Nimemnyonyesha lini, mama? Ndiyo kwanza naingia."

Mama Uweso akainua uso, akamwelekea mkwewe kwa muda. "Haya," akasema taratibu. "Labda joto hili."

Hafsa akamwinamia mwanawe ambusu. Utosi wa mtoto ulinuka marashi ya waridi, na chini ya marashi, udongo uliolowa. Nyumbani mwao hapakuwa na chupa ya marashi.

Mimi sipendi hadithi za kuficha ficha, kwa hiyo nitasema mapema Hafsa alikosea wapi.

Alikuwa karani wa utumishi kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi yao ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Chini, mwisho wa ukumbi, palikuwa na chumba kidogo walichowekea majalada. Mlango wa chumba kile haukuwahi kufungwa kwa ufunguo. Watu wa mjini walijua kwa nini: kina mwenyewe, na mwenyewe si mtu. Kila Alhamisi baada ya alasiri, Bi Mboni, mfagizi, aliingia na chetezo cha ubani na kisahani cha halua, akaviweka pembeni, akatoka kinyumenyume. Meneja, Bwana Alexander, Mlutheri kutoka Marangu, alidhani yule mama anafukuza mbu.

Mwezi wa Julai kampuni ikaweka milango ya kadi. Majalada yalikuwa yakipotea, na Bwana Alexander alichoka kuulizana. Akaja fundi kutoka Arusha, anaitwa Wilfred, akabandika kando ya kila mlango kamashine keusi kenye taa nyekundu na juu ya mlango akafunga sumaku. Ukigusisha kadi, taa inageuka kijani, kamashine kanalia mara moja, sumaku inaachia. Usipokuwa na kadi, kanalia mara tatu na mlango haukutambui. Chumba cha majalada nacho kikafungwa hivyo hivyo.

Kuanzia siku ile, kila ilipofika adhuhuri na watu wametawanyika kwenda kuswali na kula, kamashine ka mlango ule kalilia mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Ukumbini hapana mtu. Ukilaza sikio mlangoni unasikia sumaku ikinguruma, na sakafuni, mbele ya mlango, pamelowa duara la ukubwa wa sahani. Wilfred alibadilisha waya, akabadilisha kamashine, mwishowe akasema ni unyevu wa bahari, akapanda basi kurudi kwao.

"Si unyevu," Bi Mboni alimnong'oneza Hafsa. "Mmemtoa mtu nje ya chumba chake, mwanangu. Tangu mabibi zetu anaingia na kutoka, hakumgusa mtu. Leo amesimama ukumbini kama mdaiwa."

"Basi tumpe kadi," alisema Hafsa, akacheka.

Bi Mboni hakucheka. "Mpe," akasema.

Hafsa alikuwa mtoto wa Tongoni, kijiji cha pwani, na mtoto wa Tongoni huyacheka mambo haya huku anayaogopa. Akaketi kwenye kompyuta. Pale ofisini walikuwa na mazoea yao: akija mfanyakazi mpya, hujazi fomu yote upya, unanakili taarifa za mtu aliyepo, unabadilisha jina. Hafsa akanakili za kwake, kwa kuwa ndizo zilizokuwa wazi mbele yake. Kwenye jina akaandika Mwenye Chumba. Picha ikabaki ya kwake, ile aliyopigwa Juni akiwa na mtandio wa bluu, anatabasamu. Saa zikabaki za kwake. Na ruhusa yake ya kunyonyesha, aliyopewa na kampuni kutoka saa saba hadi saa tisa kila siku mpaka mwisho wa Novemba, nayo ikabaki humo humo. Hakuiona. Mtu haangalii vitu vyake mwenyewe vizuri.

Siku ya Alhamisi wakaiweka kadi juu ya kisahani, kando ya halua.

"Sema umempa," Bi Mboni alimwambia. "Kitu kisichotamkwa hakijatolewa."

Hafsa akaona haya kidogo, akasema kwa adabu aliyofunzwa kwao, jinsi mtu anavyomkaribisha mgeni nyumbani: "Karibu. Nimekupa kama nilivyo nayo mimi."

Ijumaa asubuhi halua ilikuwepo, kadi haikuwepo. Kamashine hakakulia tena bila mtu. Bi Mboni akashukuru, Hafsa akasahau. Zikapita wiki mbili.

Siku ya pili baada ya Rahimu kukataa ziwa, kadi ya Hafsa iligoma tena getini. Mlinzi, Castory, kijana mpole wa Kibondei kutoka Muheza, alimwangalia kama anayemwonea huruma.

"Dada Hafsa, leo kuna nini? Si umeshatoka?"

"Nimetoka wapi?"

"Saa saba kamili umepita hapa. Nimekusalimu, ukanitabasamia tu." Akapunguza sauti. "Sikusikia hatua zako. Nikajiambia labda umevaa ndala za sponji."

Hafsa hakungoja saini. Akaruka kizuizi, akakimbia huku watu wa kwenye maduka wakimshangaa. Alipofika, Rahimu alikuwa amelala, tumbo limejaa, midomo ina maziwa. Mkekani, pale mtu anapokaa kunyonyesha, pamelowa duara.

Aliporudi ofisini alifungua orodha ya kuingia na kutoka. Mwenye Chumba: ametoka saa saba kamili, amerudi saa tisa kamili. Jana hivyo hivyo. Haikukosea hata dakika. Akaifunga ile kadi kwenye kompyuta, akaifuta, akafuta na jina. Kisha akampigia Wilfred.

"Umenakili?" Wilfred akauliza. "Basi mfumo unawahesabu nyinyi wawili kama mtu mmoja, dada. Mmoja akishatoka, mwingine hawezi kutoka. Lakini ukiifuta ndiyo basi, imekufa."

Kesho yake saa saba kamili, taa ya geti iligeuka kijani. Castory mwenyewe alimpigia simu Hafsa aliyekuwa ghorofani. "Dada," alisema kwa sauti ndogo, "naomba uniambie uko juu." Hafsa akasema yuko juu. Akamsikia Castory akianza Salamu Maria.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa saa sita na nusu, akasema anaumwa, na wala hakudanganya. Alifika nyumbani akamwambia mama mkwe wake yote bila kuacha kitu, na Mama Uweso, ambaye kwa desturi angemgombeza kwa dakika ishirini, alikwenda moja kwa moja kukomea mlango wa mbele na wa uani. Mumewe Hafsa, Uweso, alikuwa dereva wa malori, siku hizo yuko njia ya Lubumbashi. Wakaketi wawili chumbani na mtoto yumo mapajani mwa mama yake, madirisha yamefungwa, jasho linawatiririka, Mama Uweso anasoma Ayatul Kursiyu kwa pumzi moja na kuanza tena.

Adhana ya adhuhuri ilishapita. Kuku wa jirani alikuwa akiparua uani, akaacha. Kisha ikaja harufu, waridi kwanza, halafu ule udongo, udongo wa chini kabisa wa kisima kilichofukiwa, na Rahimu aliyekuwa akisinzia akafumbua macho, akageuza kichwa kuelekea mlangoni kabla mlango haujatikisika, akaanza kucheka na kurusha miguu kama afanyavyo mtoto aliyemsikia mama yake, hali mama yake ndiye aliyemshika, na komeo likajivuta lenyewe bila haraka, na aliyeingia alikuwa Hafsa mwenye mtandio wa bluu, anatabasamu tabasamu lile lile la kwenye picha, halipungui wala haliongezeki, macho hayapepesi, na kuanzia kifuani kwenda chini, pale picha ilipoishia, palikuwa na weusi tu ulioning'inia kama buibui lisilo na mtu, haukugusa sakafu ingawa sakafu ililowa kila alipopita, akaja akainama, na Hafsa aliyekuwa ameapa kwamba atauma, atapiga, atakufa lakini hatamwachia, aliona mikono yake mwenyewe inafunguka kidole kimoja kimoja, na mtoto akachukuliwa.

Yule safari hii hakujificha: akaketi mkekani, akampa mtoto ziwa. Sauti ya Rahimu akimeza ilisikika chumba kizima.

"Nirudishie mwanangu," alisema Hafsa. Sauti ilitoka ndogo mno.

Uso ule ukamgeukia. Midomo haikuondoka kwenye tabasamu, lakini sauti ilitoka, na ilikuwa sauti ya Hafsa. "Mpaka saa tisa," ikasema. "Ndivyo nilivyopewa."

Ilipofika saa tisa kamili, alimlaza mtoto, akamfunika kanga vizuri mpaka mabegani, akaondoka. Mama Uweso alikuwa amejikojolea. Hafsa hakumcheka, na mimi simcheki.

Asubuhi wakampeleka mtoto Tongoni kwa Mwalimu Mwinyijuma. Nani asiyemjua? Ni mtu wa miaka arobaini hivi, anafundisha madrasa na kuchaji simu za kijiji kizima kwa umeme wa jua, na mteja wa majini anasubiri foleni moja na mteja wa simu. Alimsikiliza Hafsa mpaka mwisho, akamuuliza maswali mengi zaidi kuhusu kompyuta kuliko kuhusu jini. Kisha akamshika Rahimu, akamnusa utosi, akamrudisha haraka.

"Hakuiba," akasema. "Ndilo tatizo. Angeiba ningemtoa leo leo. Wewe umempa, tena umetamka."

"Nimeshaifuta kadi, Mwalimu."

"Umefuta maandishi. Ulimwambia nini siku ile?"

Hafsa akarudia yale maneno. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Kama nilivyo nayo mimi. Basi anayo kama uliyo nayo, na itamalizika siku ya kwako itakapomalizika. Lini?"

"Mwisho wa Novemba."

"Usiache kazi kabla ya hapo. Usiirudishe ruhusa. Ukivunja wewe, amedhulumiwa, na jini aliyedhulumiwa hana mpaka tena. Muache amalize." Akamtazama mtoto. "Ana miezi mingapi?"

"Sita."

"Tutawahi, inshallah. Nisikilize vizuri, mwanangu, hili nalisema mara moja. Mtoto anayenyonya huko, siku akijua kutembea, atamfuata. Hatachukuliwa. Atakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na hakuna dua inayomrudisha aliyekwenda kwa hiari. Muda wake uishe kabla mtoto hajasimama akatembea. Ukiisha tu, yule anarudi chumbani kwake, na mimi nitakuja kumfungia njia."

Hapo ndipo Hafsa alipoanza kuishi maisha ambayo siwezi kumwombea hata adui. Kila siku Castory alimfungulia geti mapema, na saa saba alimkabidhi mwanawe, maana kumkatalia ilikuwa bure, akatoka kuketi barazani na mama mkwe wake. Walimsikia mtoto anavyomeza. Saa nyingine yule alimwimbia, kwa sauti ya Hafsa, nyimbo ambazo Hafsa hakuzijua. Majirani waliopita waliwasalimu, wakajibu, wakasema wanapunga upepo. Saa tisa Hafsa aliingia akamkuta Rahimu amefunikwa kanga, mnene, mwenye afya, wa baridi. Maziwa yake yeye yalianza kukauka mwezi wa Oktoba. Alikonda mpaka mtandio ukawa unamteleza.

Na alimzuia mtoto kusimama. Hili alilifanya bila aibu. Watoto wengine wakisaidiwa kwa gari la mbao na makofi, Rahimu alibebwa mgongoni kutwa nzima. Akishika kiti ajivute, Mama Uweso alikiondoa kiti. Akijaribu kwenye ukuta, walimkalisha. Alilia kwa hasira, nao walilia naye, wakamkalisha tena. Novemba kumi alitambaa. Novemba ishirini alisimama akishika ndoo, Hafsa akaitupa ndoo uani kama nyoka.

"Siku kumi," Mama Uweso alimwambia usiku ule. "Vumilia mwanangu, siku kumi si kitu."

Zikawa tano. Zikawa mbili. Ilipofika tarehe thelathini, Mama Uweso alichinja jogoo, akaloweka mchele wa sadaka, na Mwalimu Mwinyijuma akatuma ujumbe kwamba amepanda bodaboda, atafika saa tisa kumsubiri yule mlangoni pa chumba chake. Hafsa alikwenda kazini akiwa na furaha ya ajabu, ya mtu mgonjwa aliyeambiwa homa inashuka. Alimsalimu Castory. Alimletea Bi Mboni, ambaye tangu asikie yaliyompata mtoto alikuwa anamkwepa kwa aibu, kipande cha keki.

Saa sita na nusu Bwana Alexander akamwita.

Alikuwa mtu mwema, lazima niseme. Kwa miezi mitatu alikuwa akimwona karani wake anavyokwisha, na nyumbani kwake Marangu alikuwa na binti wa umri ule ule. Alimkalisha, akamsogezea bahasha.

"Hafsa, mimi nina macho. Unateseka na hutaki kusema. Nimeongea na makao makuu, haikuwa rahisi." Akatabasamu. "Ruhusa yako ya kunyonyesha nimeiongeza miezi mitatu. Mpaka mwisho wa Februari. Usinishukuru."

Hafsa aliiangalia bahasha bila kuigusa.

"Ifute," akasema.

"Unasemaje?"

"Nakuomba, bosi, kwa jina la Mungu wako, ichane. Sijaichukua. Sijaikubali. Ichane sasa hivi."

Bwana Alexander akacheka kidogo, kicheko cha kuchanganyikiwa. "Lakini imeshaingia kwenye kompyuta toka asubuhi, mwanangu. Nimeshatia saini. Ni haki yako."

Hafsa alishuka ngazi bila kuzihesabu. Getini Castory alikuwa amesimama nje ya kibanda chake, kofia mkononi, rangi imemtoka. Saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa saa saba na dakika moja.

"Umepita," alinong'ona. "Dada, umepita sasa hivi. Na leo ulikuwa na bahasha mkononi."

Simu ya Hafsa ikaita. Alikuwa Mama Uweso, naye alikuwa akilia kiasi kwamba maneno yalitoka vipande vipande.

"Nilikwenda jikoni kuonja mchuzi tu, Hafsa, kuonja tu. Rahimu kasimama. Hakushika kitu. Hafsa, katembea, hatua nne, tano, na mlango uko wazi, namshika haniachii nimshike, ana nguvu, Hafsa, mwanangu, ana nguvu za mtu mzima."